Wageni wa Jana, Wenyeji wa Leo

Masomo: Mambo ya Walawi 19:33–34, Waebrania 13:1–3, Yakobo 2:1–9



Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema tena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza twaipenda sana, na twaitamka kila tunapofungua mlango. Ya pili hutuchekesha, maana wengi hudhani ni njia ya adabu ya kumfukuza mgeni aliyekaa mno. Lakini tukiitazama vema tutaona kwamba inasema jambo zito. Jembe si mali ya mgeni. Jembe ni la mwenye nyumba. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaolima shamba lile na kula mavuno yake. Siku hiyo ameacha kuwa mgeni.

Leo tungependa kuzitafakari methali hizi mbili kwa kulitazama kanisa moja la kijiji katika kisiwa chetu cha Unguja, yaani Kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni.

Wengi wenu mnaifahamu njia. Atokaye mjini kwenda uwanja wa ndege hupita Kiembe Samaki, na huko kuna barabara inayochepuka mkono wa kulia kuelekea baharini. Ukiifuata hiyo utafika Mbweni. Hapo, katikati ya miti, pamesimama kanisa la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye mnara wake, na makaburi yakilizunguka. Si kanisa kubwa. Mgeni aliyekwisha kuliona Kanisa Kuu la Mkunazini aweza kulipita hili bila kuliuliza habari zake. Lakini lina habari, na habari zake zinatuhusu sisi sote, hata sisi tusiosali hapo.

Ndugu wapendwa, ili tuelewe kanisa hili limetoka wapi, yatupasa turudi nyuma kidogo. Katika mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la UMCA, aliwasili Unguja. Pamoja naye alikuwa Dakta Edward Steere. Muda mfupi baada ya kufika, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Watoto watano tu! Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule na mwanzo wa Kanisa la Kianglikana katika kisiwa hiki. Mmoja wao, John Swedi, baadaye akawa shemasi. Tuliweke hili moyoni: Kanisa letu hapa Unguja halikuanza kwa wenye cheo wala kwa wenye mali. Lilianza kwa watoto wasiokuwa na baba wala mama wa kuwaita, watoto ambao hakuna aliyewauliza wametoka wapi wala wangependa kwenda wapi.

Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba huko Mbweni. Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Tunapotaja jambo hili twaweza kudhani kwamba siku ile taabu iliisha. Haikuisha. Majahazi yaliendelea kusafiri kwa siri, manowari za Kiingereza ziliyafukuza, na kila lilipokamatwa jahazi palizuka swali ambalo halikuwa na jibu jepesi: watu hawa waende wapi? Waliotolewa katika tumbo la jahazi walitoka mbali, wengine Uyao, wengine Nyasa, wengine Umakua, na wengine walikuwa wachanga mno wasikumbuke hata jina la kijiji chao. Kumfungua mtu minyororo ni kazi ya dakika moja. Kumpatia mahali pa kuitwa kwao ni kazi ya maisha.

Swali hilo lilijibiwa na watu mbalimbali wa pwani hii. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufungua makao yao Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa CMS walianzisha Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875. Na hapa Unguja, katika miaka hiyohiyo, Steere, ambaye alikuwa amewekwa kuwa Askofu mwaka 1874, alikifanya kijiji cha Mbweni kuwa makao ya watu walioachwa huru. Walipewa mahali pa kujenga nyumba na mahali pa kulima. Kwa lugha ya methali yetu, walipewa jembe.

Ikajengwa na shule ya wasichana, Shule ya Mtakatifu Maria, ambayo magofu yake yapo Mbweni hata leo. Mwaka 1877 alifika mwalimu mmoja kutoka Uingereza, Bibi Caroline Thackeray. Aliiongoza shule ile hadi mwaka 1902, na alipostaafu hakurudi kwao. Alibaki Unguja mpaka alipofariki mwaka 1926, na kaburi lake liko Mbweni. Nalo kanisa la Mtakatifu Yohana limekuwapo tangu mwaka 1882, mwaka uleule ambao Askofu Steere aliitwa na Bwana wake na kuzikwa nyuma ya altare ya Kanisa Kuu la Mkunazini, kanisa alilolijenga mahali palipokuwa soko la kuuzia watu.

Basi, ndugu, tuyaangalie mambo matatu ambayo Mbweni inatufundisha juu ya kumpokea mgeni.

La kwanza ni hili: anayepokea naye amepokewa. Twapenda kulisimulia Kanisa kama mwenye nyumba mkarimu aliyefungua mlango. Lakini misheni yenyewe ilikuwa mgeni Unguja. Ilikaa kwa idhini ya Sultani, katika nchi ya Waislamu, na wavulana wake watano wa kwanza ilipewa na Sultani huyo. Sehemu ya kiwanja cha soko la watumwa, pale lilipojengwa Kanisa Kuu, ilitolewa kuwa zawadi na mfanyabiashara wa Kihindu aliyeitwa Jairam Senji. Mwislamu akatoa idhini, Mhindu akatoa kiwanja, na Mkristo akajenga. Hata lugha tunayosalia tuliazimwa na wenyeji. Steere aliketi miguuni pa watu wa Unguja akajifunza Kiswahili chao, akatoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo mwaka 1870, kisha akaitumia kutafsiri Maandiko na sala. Wale waliokuja Mbweni wakiwa na lugha nyingi walikutana katika lugha moja ambayo haikuwa ya mmisionari wala ya yeyote kati yao. Ilikuwa lugha ya jirani.

Ndiyo maana Sheria ya Musa, inapowaamuru Waisraeli wampende mgeni kama nafsi zao, hutaja sababu: wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Haisemi wampende kwa kuwa wao ni wema. Inasema wampende kwa kuwa wanakumbuka. Mkristo wa Unguja akisahau kwamba Kanisa lake lilipewa nafasi na watu wasio wa dini yake, ukarimu wake utakuwa wa majivuno, na majirani wataunusa mara moja.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo yatupasa tulitamke bila kuficha. Inawezekana kumpokea mtu nyumbani na bado kumweka nje. Kule Mbweni shamba lilikuwa la misheni, na sheria za kijiji zilikuwa za misheni. Watu waliookolewa hawakuchagua Mbweni, walipelekwa. Na katika shule ile ya wasichana kulikuwa na mgawanyiko. Wasichana walioonekana hodari wa vitabu walifundishwa ili wawe walimu na wake wa walimu. Wale walioonekana hawaviwezi vitabu waliwekwa katika idara ya kazi za mikono, wakajifunza kufua, kupika na kusuka. Kazi za mikono si aibu. Bwana wetu mwenyewe alikuwa seremala. Lakini mtoto aliyenunuliwa na kuuzwa, akafika nyumbani mwa Mungu, kisha akapangwa tena kwa thamani na watu wengine, alikuwa na haki ya kuuliza: je, hapa nako kuna daraja?

Hatulisemi hili ili tuwahukumu waliotutangulia. Wengi wao waliacha kwao, wakaugua homa zetu, wakafa vijana na kuzikwa katika mchanga wetu. Twalisema kwa sababu Mtume Yakobo aliliona jambo hilo hilo katika kanisa la siku zake: mwenye pete ya dhahabu huonyeshwa kiti kizuri, na maskini huambiwa asimame pale au aketi chini penye miguu. Wote wawili wameingia mlangoni. Wote wawili wamekaribishwa kwa maneno. Lakini ni mmoja tu aliyepokewa. Mlango uliofunguliwa haujawa ushahidi wa kutosha. Ushahidi ni kiti.

Na jembe nalo lina sura mbili, ndugu wapendwa. Kuna jembe analopewa mtu ili alime shamba lake pamoja nasi, na kuna jembe analopewa ili atulimie sisi. Watu wa Mbweni walilijua jembe la namna ya pili kabla hawajafika Mbweni. Kwa hiyo kila anayempa mgeni kazi katika Kanisa ajiulize: nampa kazi hii ili awe mwenyeji, au ili mimi nipumzike?

Jambo la tatu ni la furaha. Pamoja na upungufu wote huo, Mungu alifanya kazi yake, nayo ilikuwa kubwa kuliko mipango ya watu. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja na kundi la watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, watu walioachwa huru waliotaka kurudi bara karibu na nchi zao. Walipofika Masasi walisema hapa ni kwetu, wakakaa. Hivyo ndivyo Kanisa lilivyoanza Masasi, na kutoka hapo likaenea kusini yote. Waliopanda mbegu ile, pamoja na Askofu wao, ni watu wa kawaida waliokuwa wamepita njia ile ile mara ya kwanza wakiwa na kamba shingoni.

Na kuna Cecil Majaliwa. Alikamatwa akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa na misheni hapa Unguja na baadaye Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi akatumwa Chitangali, katika nchi ya Wayao, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufika daraja hilo. Tufikirini maana yake. Mtoto aliyepokewa akawa ndiye anayesimama altareni akiwapokea wengine. Mgeni amepewa jembe, kisha amepewa neno, kisha amepewa funguo za nyumba. Hapo ndipo methali ya wahenga inapotimia, na hapo ndipo Injili inapotimia.

Sasa, wapendwa wasikilizaji, tuitazame siku yetu ya leo.

Kiembe Samaki na Mbweni za leo si mashamba ya siku za Askofu Steere. Mji umeyafuata. Kila mwaka huja watu kutafuta riziki: mafundi wa ujenzi, vijana wa hotelini, walinzi, wauguzi, wasichana wa kazi za nyumbani. Wanatoka Pemba, wanatoka Tanga na Mtwara, wanatoka Bara ya mbali. Wanapanga chumba kimoja, pengine watu watatu katika chumba hicho. Jumapili baadhi yao hulitafuta kanisa. Hawakuletwa na manowari, wala hawana alama ya minyororo. Lakini upweke wa mtu asiyejulikana jina unafahamika katika kila zama.

Tena tukumbuke kwamba Wakristo wa Unguja tu wachache, na uchache una jaribu lake. Jaribu hilo ni kujikunja, kukaa wenyewe kwa wenyewe, kumtazama kila uso mpya kwa mashaka. Na zimekuwapo siku ambazo mashaka hayo yalikuwa na sababu. Mwaka 2012 kulikuwa na makanisa yaliyoshambuliwa katika kisiwa hiki, na tarehe 17 Februari 2013 ndugu yetu Padre Evaristus Mushi wa Kanisa Katoliki aliuawa kwa risasi. Katika siku za namna hiyo ni haki kuweka mlinzi langoni, na busara haipingani na imani. Lakini mlinzi wa lango asigeuzwe kuwa mlinzi wa moyo. Lango laweza kufungwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Moyo uliofungwa kwa hofu huwa mgumu kuufungua tena.

Kwa hiyo tungependa kuwaachia makatekista, wazee wa kanisa na waumini wote maswali manne, ambayo kila mtaa waweza kujipima nayo.

Swali la kwanza: mgeni akiingia kanisani kwetu Jumapili hii, ni nani atakayemwuliza jina lake, na Jumapili ijayo ni nani atakayelikumbuka? Kumtaka mgeni asimame mbele ya watu wote, apigiwe makofi, kisha asahauliwe, si kumpokea. Tangazo hutolewa kwa dakika moja. Kumpokea kwataka mtu mmoja mwenye jukumu hilo.

Swali la pili: siku ya tatu ikifika, tunampa jembe gani? Katekista mwenye hekima hangoji mgeni amalize mwaka. Humwuliza: ndugu, kwenu ulikuwa ukiimba? Ulikuwa ukifundisha watoto? Ulikuwa fundi? Na kama yule msichana wa kazi anajua kusoma vizuri, asome somo altareni kama asomavyo mtoto wa mwajiri wake. Tena asipewe kazi zile tu tusizozitaka sisi, kufagia na kuteka maji, huku kuamua kukibaki kwa wenye majina ya zamani.

Swali la tatu: katika halmashauri ya kanisa letu, yupo mtu aliyekuja mtaani hapa katika miaka ya karibuni? Kama hakuna hata mmoja, basi pengine mlango wetu uko wazi na meza yetu imefungwa.

Swali la nne ni la msiba. Sisi watu wa pwani twajua kwamba ujirani hupimwa katika kuzikana. Kijana wa ujenzi akifariki ghafula katika chumba cha kupanga, na ndugu zake wako mbali, ni nani atakayekaa matanga? Ni nani atakayechimba kaburi? Mara nyingi tumewaona majirani zetu Waislamu wakiwa wa kwanza kufika, wakibeba viti, wakichota maji, bila kuuliza marehemu alisali wapi. Tumshukuru Mungu kwa majirani hao. Na Kanisa lisiwe la mwisho kufika katika msiba wa mtoto wake.

Nendeni siku moja Mbweni, ndugu, mkatembee kati ya makaburi yale. Udongo haukuuliza ni nani aliyetoka Uingereza kwa meli na nani aliyetoka Nyasa kwa minyororo. Waliosubiri mpaka kaburini ndipo wawe sawa walichelewa. Bwana wetu alitaka usawa huo uonekane kwanza mezani pake, pale tunapokula mkate mmoja na kunywea kikombe kimoja, tungali hai.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatukumbusha kwamba wako waliowakaribisha malaika pasipo kujua. Mara tu baada ya neno hilo anaongeza lingine, kwamba tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Maneno hayo mawili hayatenganishwi. Ukarimu wa Kikristo ni kumtazama mgeni na kusema moyoni: huyu ni mimi. Kanisa la Mbweni lilijengwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo na lilijazwa na watu wa namna hiyo. Kila anayesali katika Kanisa la Unguja leo, awe mzaliwa wa hapa au mgeni wa juzi, ni mrithi wa watoto wale watano wa mwaka 1864. Mrithi wa mgeni hawezi kumkataa mgeni bila kuukataa urithi wake.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyewatoa watu wako utumwani na kuwapa nchi ya kukaa, twakushukuru kwa wote walioletwa Mbweni wakiwa hawana kwao, nawe ukawa kwao. Wape pumziko la milele waliofundisha na waliofundishwa, waliotawala na waliotii. Utujalie sisi tuliorithi nyumba yao tusiwe wagumu wa mlango wala wachoyo wa kiti. Umpe kazi asiye na kazi, jirani asiye na jirani, na jina lake likumbukwe mbele zako na mbele zetu. Uwabariki majirani zetu wa dini zote katika kisiwa hiki, utulinde na hofu, na utukusanye mwisho katika ile nyumba ambayo hakuna atakayeitwa mgeni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.